Dom Pérignon, Cristal au Krug: chupa moja, watu wanne, tuchukue ipi?

Msafiri_Brussels: Wakuu salaam. Tuko wanne, tumechanga hela tununue shampeni moja ya daraja la juu tuionje taratibu mezani, si ya kumwagiana wala ya kupigia picha. Dukani tumezikuta tatu: Dom Pérignon 2013, Cristal 2013 na Krug Grande Cuvée Édition 168. Krug ndiyo inanivuruga. Lebo haina mwaka wa mavuno, na bei bado iko kulekule juu. Si nilisikia zisizo na mwaka ndizo za kawaida? Wenye uzoefu nisaidieni.

Mama_Kizibo: Kwa kawaida ndivyo, mdogo wangu. Sheria ya Champagne, mkoa wa Ufaransa shampeni inakotoka, inataka isiyo na mwaka ikae ghalani miezi 15 tu kabla ya kuuzwa, na yenye mwaka miaka 3. Lakini Krug hawajipimi kwa kipimo hicho. Grande Cuvée yao huachwa kama miaka 7, na hiyo 168 imechanganywa kwa mivinyo 198 ya mavuno ya miaka 11, mchanga zaidi wa 2012, mkongwe zaidi wa 1996. Zabibu za kila kishamba huchachushwa peke yake kwenye pipa dogo la mwaloni, halafu ndipo waonjaji wakae chini waamue kipi kiingie na kipi kisubiri. Kukosa mwaka hapo ndiyo kazi yenyewe. Geuza chupa uangalie nyuma, kuna namba ya utambulisho. Iingize kwenye tovuti yao utajua chupa yako ilitolewa mashapo (masalia ya hamira) lini.

Dom Pérignon wameshika njia nyingine kabisa: mavuno ya mwaka mmoja tu, zabibu za aina mbili, Chardonnay na Pinot Noir, na mwaka usipowaridhisha hawatoi kitu. 2011 hawakutoa.

Chonjo_Mfukoni: Napita tu. Hela ya hicho kichupa mimi ni kodi ya nyumba na chenji inabaki 😂

Papa_Lushi: Ndugu yangu, chukua Cristal usijutie. Ile ilitengenezwa 1876 kwa ajili ya Tsar Alexander II wa Urusi. Inasimuliwa kwamba alitaka chupa angavu yenye kitako bapa, asije mtu akamfichia kitu ndani. Hadi leo Louis Roederer, watengenezaji wake, hawajaibadilisha chupa hiyo. Na tangu mavuno ya 2012 zabibu zake zote zinatoka mashamba yao wenyewe, yanayolimwa kibayodinamiki, aina ya kilimo hai.

Mama_Kizibo: Papa, historia sawa, lakini wao wanataka kuinywa sasa. 2013 ulikuwa mwaka wa baridi, maua yalichelewa, uvunaji ukaingia hadi Oktoba. Uchachu wa zabibu ulibaki mkali. Cristal ya mwaka huo ni ya kuweka. Ukiifungua leo utapata ndimu na chaki, ladha inakaa mdomoni muda mrefu kweli, lakini bado imejikunja, haijajitoa yote. Dom ya mwaka huohuo kwa mdomo wangu imeshaanza kufunguka.

Jingine: hiyo chupa angavu inapitisha mwanga, na mwanga ukiipiga muda mrefu shampeni huanza kunuka kabichi iliyochemshwa. Ndiyo maana huja imevikwa karatasi ya rangi ya machungwa. Ukiikuta imevuliwa na kusimamishwa kwenye kabati la vioo chini ya taa, iache hapohapo.

Papa_Lushi: Ya karatasi nakubali. Ya kusubiri, hapana. Mimi huo ukali ndio naufuata. Shampeni laini laini inanichosha kwenye glasi ya pili.

Mwanafunzi_Reims: Shikamoo Mama_Kizibo. Naongeza ya nne: Comtes de Champagne ya Taittinger. Ni Chardonnay tupu, ilianza na mavuno ya 1952, na mara nyingi bei yake iko chini ya Cristal. Inalazwa hapa Reims kwenye mahandaki ya chaki ya Saint-Nicaise. Kwa anayeanza naona ndiyo rahisi kuielewa, maana ni zabibu ya aina moja.

Mama_Kizibo: Marahaba. Hoja nzuri, ila wao wanataka kitu cha kuzungumza mezani saa nzima, na hapo kura yangu ni Krug. Msafiri, usiitumbukize kwenye barafu hadi igande. Nyuzi 10 hadi 12 zinatosha, baridi kali inaua harufu. Kufungua: kidole gumba kisibanduke juu ya kizibo tangu unapolegeza waya, kwa sababu mgandamizo humo ndani ni zaidi ya mara mbili ya tairi la gari. Shika kizibo, zungusha chupa. Ikisema "paa!" umemwaga pesa, inatakiwa itoe "fsss" basi.

Mimina nusu ya chupa tu, iliyobaki itulie. Mwanzoni utapata ndimu na ganda la chungwa. Ikipata joto kidogo ndipo lozi, asali na mkate wa siagi uliookwa vinajitokeza. Wengi huwa wameshamaliza kabla hawajafika huko.

Msafiri_Brussels: Asante sana dada. Watatu tumesema Krug, mmoja yuko upande wa Papa Lushi na hataki kusikia. Glasi ninazo zile nyembamba ndefu na za mvinyo mweupe. Nitumie zipi?

Mama_Kizibo: Za mvinyo mweupe. Zile ndefu zinaonyesha viputo vizuri lakini pua haina pa kuingia. Jaza theluthi tu.

Papa_Lushi: Huyo mmoja mwambie anitafute inbox 😄