Waandaaji wa mbio za ramani, acheni kuisingizia programu. Mashindano mmeyaharibu wenyewe!

Wakuu, salaam. Huu uzi una hasira, asiyependa kelele apite kimya kimya.

Kwa wasiojua: huku Sweden watu wanakimbia porini na ramani na dira mkononi, wakitafuta vituo kwa mpangilio uliochorwa. Mchezo unaitwa orientiringi. Kutoka kituo hadi kituo unachagua mwenyewe pa kupita, uzunguke kilima kwa njia ya miguu au ukate katikati ya msitu. Utamu wote upo hapo.

Sasa wikendi iliyopita klabu moja (siitaji, ina Wabongo wake humu, watawafikishia) ilituanzisha wote kwa mkupuo, kwenye mbio za mtu mmoja mmoja. Watu wengi wakianza pamoja kwenye njia moja, wa mbele anasoma ramani, waliobaki wanasoma mgongo wake. Ugonjwa huu ni wa zamani na dawa yake inajulikana: unawagawa wakimbiaji katikati ya safari, hawa wapite vituo hivi, wale vile, halafu wakutane mbele. Tiomila ya hapa Sweden iko tangu 1945, Jukola ya Finland tangu 1949, na zote zinaanza kwa mkupuo usiku, zinagawa watu hivyo hivyo.

Lakini hizo ni mbio za kupokezana! Timu nzima ikimaliza, jumla ya vipande walivyokimbia inalingana na ya timu nyingine. Wewe leo umepewa tawi refu (yaani upande mmoja wa mgawanyo huo), mwenzako wa timu atapewa fupi, hesabu inakaa sawa. Mbio za mtu mmoja mmoja mwenzako yuko wapi? Nani atakufidia?

Kwa mbio za mtu mmoja mmoja kuna vitanzi. Unatoka kituo cha katikati, unazunguka, unarudi palepale, unazunguka upande wa pili. Mimi naanza kushoto, wewe unaanza kulia, mwisho wa siku tumekimbia vituo vilevile. Ndiyo kile wanachokiita kipepeo. Vitanzi vikiwa vitatu unapata mipangilio 6 tofauti, kundi linasambaratika na hakuna aliyeonewa.

Programu inajua yote haya. Ninayoisema ni Purple Pen, ya kuchorea njia za mashindano kwenye ramani, ni ya bure kabisa, unapakua na kutumia. Ukitaka kuongeza tofauti kwenye kituo inakuuliza waziwazi: njia panda au kitanzi? Njia panda maana yake kila mkimbiaji anapita tawi moja tu. Kitanzi maana yake anapita yote kwa zamu. Swali halina mtego. Huyu mpangaji wetu akachagua njia panda, kwenye mbio za mtu mmoja mmoja, kisha matokeo yakabandikwa kwenye orodha moja kama vile wote tumekimbia kitu kimoja!

Na matawi yenyewe sasa. Kwenye kompyuta urefu ulikuwa karibu sawa, ndiyo hoja waliyonijibu. Jamani, programu inapima mstari ulionyooka toka duara la kituo kimoja hadi duara la kingine. Kinamasi haikioni. Mita za kupanda kwenye Purple Pen unazijaza mwenyewe baada ya kuhesabu mistari ya kontua, ile inayoonyesha mwinuko kwenye ramani. Nimehesabu: tawi langu lilikata mistari 9 zaidi ya lile lingine, kila mstari mita 5, hiyo ni mita 45 za kupanda. Kwa kipimo kinachotumika kwenye mchezo huu, mita 10 za kupanda ni kama mita 100 za tambarare. Piga hesabu mwenyewe. Wenzangu wa tawi lile lingine walipita juu ya mchanga mkavu wenye misonobari, unakimbia kama uko uwanjani.

Kuna na lile la mawe. Matawi mawili, kila moja na kituo chake kwenye jiwe, mawe yanafanana, na ukisimama kwenye moja unaliona lingine. Kanuni za IOF, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, zinakataza vituo kukaribiana chini ya mita 30, na vikiwa kwenye vitu vinavyofanana, mita 60. Watu wakabofya kituo kisicho chao wakaenguliwa. Sawa, namba ya kituo unapaswa kuikagua, hilo silipingi, lakini mtego huo umewekwa na nani?

Nilipowafuata baada ya mbio nikaambiwa, “Programu ndiyo iliyogawa.” Hapo ndipo damu ilipochemka. Programu inagawa ulichochora! Aliyechora hakwenda msituni kukimbia matawi yote mawili kabla ya kuchapisha ramani, angekwenda angerudi na matope ya kutosha kumfungua macho.

NYONGEZA: Mkuu uliyeandika hapo chini kwamba nalia kwa sababu nimeshindwa, nafasi yangu ingebaki ya katikati hata kwa kitanzi. Ninachodai ni kidogo. Vile vijiti vya kielektroniki vya kidoleni vimerekodi muda wa kila mtu kwenye kila kituo, kwa hiyo data mnayo. Tenganisheni matokeo kwa tawi, yatoeni upya, na walioenguliwa pale kwenye mawe muwasikilize kabla hamjapeleka pointi za msimu.