Naomba ushauri: chivoti ya kwenye kompyuta inalia kama filimbi mbili

Habari za jioni wakuu. Natengeneza ala ya kompyuta ya chivoti, ile filimbi ya Wadigo inayopulizwa kwa ubavu, kwa ajili ya watunzi wa muziki wa filamu. Nimemrekodi mpigaji noti kwa noti, kwa ubora wa kHz 48 na biti 24, kila noti kwa viwango vitatu: pole, wastani na kwa nguvu. Naijenga kwenye Decent Sampler, programu ya kupiga sauti zilizorekodiwa kama ala.

Shida inakuja mtunzi anaposukuma gurudumu la modulesheni (lile la pembeni mwa kinanda) ili sauti ipande taratibu. Pale tabaka moja, yaani rekodi za kiwango kimoja cha nguvu, linapopokezana na jingine unasikia wapulizaji wawili, sauti inayumba na kufifia. Nimejaribu kulinganisha mianzo ya mawimbi na kurekebisha tuni, ila mtetemo wa pumzi haulingani hata kidogo. Na tuni yenyewe naogopa kuinyoosha zaidi. Ikinyooka kama piano, hiyo si chivoti tena.

Wajuzi, nibaki na tabaka la nguvu peke yake kisha nilipooze kwa filta (kichujio cha sauti), au kuna namna ya kuunganisha matabaka bila mgongano huu? Na mvumo wa pumzi nirekodi kando, au niuache humo humo ndani ya noti?