Gesti ya bei nafuu Malindi, wageni sita wa harusi: tuulize nini kabla ya kulipa?

mgeni_wa_harusi
Salaam aleikum wenyeji. Tunashuka Malindi harusini, watu wazima watano na mtoto wa miaka 9, tutalala siku mbili. Basi la usiku kutoka Nairobi litatufikisha alfajiri. Gesti tuliyoipata karibu na soko imeandika: kuingia saa nane mchana, kutoka saa nne asubuhi, kitanda na chai, selfu (choo na bafu ndani ya chumba), feni, maji moto saa 24. Alfajiri tutapokewa? Jamaa wa bibi harusi wakija wataruhusiwa kupanda juu? Na hayo maji moto ni ya kuaminika?

karani_wa_zamu
Wa aleikum salaam. Kupokewa mtapokewa, chumba ndicho hakitakuwepo. Vilivyolaliwa huachwa saa nne, ndipo shuka zibadilishwe. Pigeni simu usiku wa safari, mnamo saa tatu: saa hiyo kaunta inajua vyumba gani havijapata mtu, na chumba kitupu kilichokwisha fagiliwa hakina haja ya kungoja saa nane. Mkipiga asubuhi mtaambiwa "njooni tu, tutaona". Kwa kuingia mapema hivyo, wapo watakaotaka nusu ya bei ya usiku. Hilo limalizeni kabla ya kupanda basi, si mkiwa mlangoni na mabegi.

Lipeni kwa till ya biashara, si kwa namba ya mtu, na msifute ujumbe wa M-Pesa: ile namba ya muamala ya herufi na tarakimu 10 ndiyo karani huitafuta. Ulizeni pia kama bei ina VAT 16% na ushuru wa utalii 2% ndani yake.

Wanaowatembelea huandikwa kwenye daftari, wakashuka kabla ya saa tatu au nne usiku. Si ukali: chumba kimelipiwa wawili, wakilala wanne maji ni ya wanne. Namba ya kitambulisho iandikwe, kadi irudi mfukoni.

fundi_wa_bomba
"Maji moto saa 24" hapo ni shawa ya umeme. Haina akiba, hupasha maji yakiwa yanapita. Inakula kama wati 5,000, yaani zaidi ya ampea 20 kwa stima yetu ya volti 240. Stima ikikatika, jenereta ndogo itawasha taa na feni, lakini shawa hamna.

Kubwa zaidi ni chumvi. Maji ya mfereji yakikosekana, tangi hujazwa ya kisima, na ya kisima huku mara nyingi yana chumvi. Maji hayo hupitisha umeme vizuri. Shawa ya maji matamu ina waya wa joto ulio wazi majini, kwa hiyo ikipitisha ya chumvi, ukishika mfereji unasikia vidole vinatekenywa, au swichi kuu inaanguka. Ya maji ya chumvi waya wake umefunikwa ndani ya kibomba cha chuma. Kabla ya kufungua begi, inua macho pale nyaya zinapoingia kwenye shawa: ziwe tatu, na ule wa kijani na manjano uwe umeungwa. Ukiuona umekatwa na kukunjwa pembeni, omba chumba kingine.

Fungua maji kwanza, kisha swichi. Ukimaliza, swichi kwanza. Kile kidude cha kuchagua joto usikiguse stima ikiwa imewashwa. Yakitoka baridi, tazama matundu: ukoko mweupe wa chumvi huyaziba. Au chumba kiko ghorofa ya juu, karibu mno na tangi, presha ni ndogo na shawa haijiwashi. Chukueni vya chini.

leso_na_hina
Vya chini vina maji, vya juu vina upepo, chagueni wenyewe! Kipindi cha kusi, upepo utokao kusini, dirisha linalotazama kusini hukufanya usahau feni. Neti ya duara iliyoning'inizwa chini ya feni hulala usoni feni ikizunguka. Ombeni ya pembe nne.

Hakuna aliyewataja wanawake wa harusini. Hina na piko (ile rangi nyeusi ya kujipamba) havitoki kwenye shuka nyeupe, na gesti itawatoza shuka nzima, taulo pia. Mje na leso mbili kuukuu za kutandika, na taulo yenu ya rangi. Udi usifukizwe chumbani: kaa moja likiruka kutoka kwenye chetezo, godoro limetoboka. Ombeni barazani au darini.

mgeni_wa_harusi
Ahsanteni sana. Na mtoto?

karani_wa_zamu
Akilala na wazazi kitanda kimoja, wengi hawatozi kitanda, ila chai yake inaweza kulipiwa. Mkitaka godoro la chini, liagizeni katika simu ile ile ya saa tatu, na ulizeni kama linakuja na neti yake. Mara nyingi haliji.