Turbo ya injini ya dizeli ya Toyota 1KD imekufa: nifungue nitengeneze au ninunue nyingine?

Shamba_Mbozi
Wakuu habari za jioni. Turbo ya gari imekufa. Fundi mmoja anasema tubadilishe katriji tu (moyo wa turbo wenye shafti na feni), mwingine anasema ninunue turbo nzima ya mtumba kutoka Japani, na dukani kuna mpya ya Kichina ambayo bei yake iko katikati. Gari naitegemea kwa kazi, nataka kuamua kabla ya Jumatatu. Nifuate lipi?

Bomba_la_Oili
Mkuu, gari gani? Kilomita ngapi? Na imekufaje: inapiga mluzi, inatoa moshi, haivuti, au shafti imekatika? Kila moja ina dawa yake.

DizeliMoto
Chukua ya mtumba ya Japani. Imefungwa kiwandani, balansi yake (usawa wa kuzunguka) haijaguswa. Katriji za mtaani hazidumu.

Shamba_Mbozi
Samahani wakuu. Ni Prado 120, injini 1KD-FTV, kilomita 268,000. Ilianza mluzi ikipanda mlima, wiki iliyofuata moshi wa bluu asubuhi, sasa haivuti na taa ya injini inawaka. Mashine imesoma P0299, yaani turbo haisukumi hewa ya kutosha. Nozeli za kupulizia dizeli hazijaguswa tangu niinunue.

FundiNozeli
Hilo la nozeli ndilo ulipaswa kuanza nalo. Usinunue chochote kwanza.

Kuna Hilux ya 1KD ililetwa gereji ikiwa na dalili hizohizo. Ilikuwa imeshafungwa katriji mpya kwingine, ikavuta vizuri siku 11, mluzi ukarudi. Wakafunga ya pili, haikumaliza mwezi. Tulipoifungua, shafti ilikuwa na rangi ya bluu kama chuma kilichochomwa, busha zimelika upande mmoja. Rangi ile maana yake ni ukosefu wa oili. Tukashusha sampu (trei ya oili chini ya injini): streina, yaani chujio la pampu ya oili, imezibwa na utando mweusi mgumu kama lami iliyokauka, imebaki nafasi ya upana wa kidole tu. Tukaenda juu, tukakuta washa za shaba (pete za kuzibia) chini ya nozeli mbili zinavujisha.

Kwenye 1KD gesi ya moto ikipita kwenye ile washa inaingia ndani ya kava la juu, inachoma oili, masizi yanashuka hadi kwenye sampu na kukaa kwenye streina. Turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ndiyo maana inakufa ya kwanza. Beringi za krenki zinafuata, na hapo gharama ya turbo utaiona ndogo. Ile Hilux ilikuwa imelipiwa katriji mbili, na tatizo halikuwa kwenye turbo hata kidogo.

Kwa hiyo: shusha sampu ya chini, angalia streina, toa nozeli zote nne, weka washa mpya (za zamani zisirudiwe), safisha matundu ya kukalia nozeli. Halafu ndipo uje kwenye swali lako.

Makanika_Naks
Hapa Nakuru hizo 1KD zinakuja sana na shida hiyo. Naunga mkono. Ila bado lazima turbo ipimwe. Toa hosi ya hewa, shika ncha ya shafti kwa vidole. Ikicheza kidogo kushoto na kulia ni kawaida, busha zake zinaelea kwenye oili. Ikienda mbele na nyuma ukaisikia kwa kidole, imeisha, maana inayoruhusiwa haifiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita. Kisha angalia feni: ikiwa imekwaruza ukuta wa nyumba yake au pembe za mapanga zimelika, katriji peke yake haitoshi, hiyo nyumba nayo imeharibika.

DizeliMoto
Ndiyo maana nasema nunua nzima. Unapata nyumba zote mbili na mota ya umeme juu yake.

Bomba_la_Oili
Mtumba huna uhakika nayo, mkuu. Imetolewa kwenye injini ya 1KD vilevile, huenda nayo ilikosa oili hukohuko. Ukiinunua, pima shafti dukani kama Makanika alivyosema, chungulia upande wa moto kama kuna oili mbichi, sukuma kijiti cha mapanga yanayojifungua (yanayoongoza moshi upande wa moto): kiende mwanzo hadi mwisho bila kukwama. Soma na namba ya turbo, zinaanza na 17201, zikilingana na yako ndiyo uchukue.

FundiNozeli
Katriji si mbaya yenyewe. Ubaya ni kufungwa bila balansi ya kasi kubwa. Muuzaji akupe karatasi ya balansi ya katriji hiyohiyo, namba zifanane. Na kwenye hii turbo yenye mapanga yanayojifungua, kila skrubu ya kikomo iwekewe alama kabla ya kufungua. Ikizungushwa bila kipimo, gari itavuta kwenye mzunguko wa chini na kukata kwenye wa juu, au kinyume chake.

Kaka_15W40
Oili mnayotumia ni ipi? Wengi wanaweka oili nyepesi ya 5W-30 kwenye injini zenye kilomita nyingi kwa joto la Dar, halafu wanashangaa.

Makanika_Naks
Uzito wa oili si chanzo hapa. Oili nzito nayo ikikuta streina imeziba haipiti.

Kaka_15W40
Sikusema ndicho chanzo. Ila oili ya kilomita 5,000 ikipelekwa 10,000 masizi yanaongezeka, nozeli zivuje zisivuje.

FundiNozeli
Hapo uko sahihi. Badilisha kwa 5,000, na kabla ya kuzima baada ya mlima iache iungurume dakika moja au mbili.

Shamba_Mbozi
Nimepima. Shafti inaenda mbele na nyuma, naisikia wazi. Feni haijagusa ukuta. Sampu inashushwa kesho. Moshi wa bluu wenyewe utaondoka?

Bomba_la_Oili
Si mara moja. Toa intakula (kipoza hewa ya turbo) uimwage, oili iliyokaa mle ni nyingi, na ikivutwa yote kwa pamoja injini inaweza kukimbia yenyewe hata ukizima swichi. Badilisha pia paipu ya kupeleka oili kwenye turbo, ndani yake huwa na masizi. Usipake silikoni kwenye gasketi zake, ikibanwa inajitokeza ndani na kuziba tundu.

Makanika_Naks
Na kabla ya kuwasha mimina oili kwenye tundu la turbo, zungusha shafti kwa mkono, kisha piga stata umeme wa nozeli ukiwa umekatwa, mpaka oili itoke kwenye paipu ya kurudi.

DizeliMoto
Tuwekee picha ya streina hiyo kesho. Ikiwa safi, mimi bado nasimama na ya mtumba.