Naomba ushauri: hofu ya Marburg inammaliza mama

Wakuu, habari zenu. Niko Biharamulo, Kagera. Tangu Rais atangaze mlipuko wa Marburg (ugonjwa hatari wa virusi) Januari 2025, mama yangu hatulii. Anajipima joto kila saa, ananawa mpaka vidole vimechubuka, usiku redio haizimwi.

Ugonjwa huu hauenezwi kwa hewa kama mafua. Ni mpaka uguse majimaji ya mgonjwa, maiti au vitu vyao, na dalili hujitokeza ndani ya siku 21. Nimemweleza, anaitikia tu, kisha anarudi kwenye voisi za WhatsApp (hizo ndizo zinazomvuruga kabisa). Simu nimnyang'anye? Mtu mzima yule, tena mzazi.

Mliopitia haya Bukoba 2023, wazee wenu mliwatulizaje? Na nyie wenyewe usingizi mliupataje?