Kongo tuko ndani ya Afrika Mashariki, mbona Zanzibar wananikata bei ya mzungu?

Jambo yenu bandugu wa Lubumbashi, na nyinyi wa Likasi na Kolwezi mnaopitia hapa. Nimerudi kutoka pwani na hasira bado ninayo, kwa hiyo mnivumilie nikipayuka.

Kongo ilitia sahihi mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 8 Aprili 2022. Kwenye SADC, ile jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, tuko na Tanzania tangu 1997. Sasa fika Mji Mkongwe na begi lako mgongoni uone hizo sahihi zina kazi gani. Mlangoni mwa jumba moja la makumbusho (jina naliacha) kuna ubao wa bei: raia, Afrika Mashariki, wageni. Mbele yangu vijana wa Uganda wakalipa bei ya katikati, wakapita. Mimi nikatoa pasipoti, kijana wa tiketi akaigeuzageuza, akasema, "Kaka, Kongo ni mgeni." Nikamwambia tumo kwenye Jumuiya. Akacheka, akamwita na mwenzake aje acheke. Nikalipa sawa na Mjerumani aliyekuwa nyuma yangu.

Kwenye boti ya kutoka Dar ilikuwa hivyohivyo. Bei ya mgeni, kwa dola, na muda wote naongea nao Kiswahili. "Hicho Kiswahili cha wapi?" Nikamjibu cha Kenya, yaani Kenya yetu, commune ya hapa Lubumbashi. Yeye akafikiri Nairobi, na bado bei haikushuka!

Na joto, bandugu. Msiende Februari. Sisi tunaokaa mita 1,200 hivi juu ya bahari, tunaovaa koti asubuhi za Juni, kule wakati wa kaskazi hata usiku wa manane ukuta unakupulizia moto. Gesti walinitoza zaidi kwa sababu chumba kina feni. Feni ipo, umeme ndio haupo. Mwenye gesti ananiambia, "Pole, fungua dirisha." Nikafungua, nikakuta ukuta wa jirani. Hayo tuyaache, jasho halijaua mtu.

Kilichonichoma zaidi ni yule mwongoza watalii. Tumefika Shangani, kwenye nyumba ya Tippu Tip, anatuonyesha mlango wa nakshi, anasema mzee alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu. Nikauliza, pembe alizitoa wapi? "Bara." Bara! Bara hiyo haina majina? Haina Kasongo, haina Nyangwe, haina Maniema yetu nzima, mashariki ya Kongo? Mwaka 1887 huyohuyo Tippu Tip alifanywa gavana wa Stanley Falls kwa niaba ya Léopold, mfalme wa Ubelgiji, pale tunapopaita Kisangani leo. Hakuna neno hata moja. Wenzangu wakapiga picha ya mlango, tukaendelea.

Tukaenda Mkunazini, kwenye soko la watumwa lililofungwa 1873. Zile sanamu za watu watano wenye minyororo shimoni, mtu wa Kongo hawezi kuziangalia kama anavyoziangalia mtalii. Mwongozaji anazungumza kana kwamba watu wale waliota humohumo shimoni. Ndani ya kanisa la hapohapo akatuonyesha msalaba unaosemwa ulichongwa kwa mti wa Chitambo, ambapo moyo wa Livingstone ulizikwa. Kundi zima linaguna kwa huruma. Chitambo iko upande wa Serenje, Zambia, njia ileile basi letu lilipita. Moyo wa mtu mmoja una anwani kamili, lakini waliotolewa kwetu wote ni "bara" tu.

Nikamjaribu na swali la nyumbani: msafara wa kapteni Stairs wa 1891, uliotumwa kuichukua Katanga, ulioandika wapagazi hapohapo Zanzibar na kufika hadi Bunkeya, ambako Msiri, mfalme wa huko, aliuawa kwa risasi tarehe 20 Desemba mwaka uleule na Katanga ikaangukia mikononi mwa Léopold. Akasema, "Hiyo siijui, kaka." Halafu akatuingiza duka la viungo la shemeji yake.

Yaani pembe ni zetu, watu ni wetu, hata mashimo ya shaba tunayochimba leo yalibadilisha mmiliki kwa safari iliyochukua wapagazi kule. Halafu mlangoni mimi ndiye mgeni na mtu wa Kampala ni ndugu. Sina ugomvi na Waganda, wamelipa haki yao. Nataka na mimi nilipe yangu.

Mwenye amewahi kulipa bei ya Afrika Mashariki kule kwa pasipoti ya Kongo aandike hapa: alionyesha karatasi gani, na alibishana kwa muda gani? Naandaa barua ya kupeleka Arusha, makao makuu ya Jumuiya, na ninahitaji mifano, siyo pole. Na wewe unayetaka kuniambia ningeenda Mombasa, usianze.