Mwanza au Dar? Kibali ni kimoja, sisi tuko wawili

Kutoka: Mgeni wa Buzuruga

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Nimetoka Kisumu, ni fundi wa vyumba vya baridi kwenye viwanda vya samaki. Daraja B yangu, kile kibali cha ukaazi cha mwajiriwa, anaishughulikia mwajiri, hiyo hainipi wasiwasi. Kilichonikwamisha ni karatasi za mke wangu.

Asubuhi hii nilipeleka maombi ya pasi yake ya mtegemezi kwenye kaunta moja ya uhamiaji hapa Mwanza mjini. Sisi tulioana kimila. Ayie, malipo ya awali ya posa kwetu Wajaluo, ilitolewa, wazee walikaa, tukaandikiwa barua ya chifu na kiapo cha wakili. Karani alikigeuza kiapo mbele na nyuma, akaweka ukucha juu ya muhuri wa chifu, ambao wino wake umefifia, kisha akanisukumia kila kitu chini ya kioo. "Hiki si cheti cha ndoa." Nikauliza nifanye nini. Akamwita anayefuata.

Mwajiri ana kazi Mwanza na Dar es Salaam, na anataka nimwambie mwisho wa mwezi huu nitakaa wapi. Kwa hiyo naomba mnisaidie mawili. Kiapo cha ndoa ya kimila kutoka Kenya kuna aliyewahi kukubaliwa nacho, na ofisi ya mkoa gani? Na kwa vijana wawili ambao bado hawajapata mtoto, mngechagua mji upi? Mke wangu ni msusi, ana saluni yake Kondele, kulekule Kisumu.

Kutoka: Mama wa Pasiansi

Pole sana mwanangu, na karibu. Mimi nilikuja na cheti cha kanisa, kwa hiyo hilo la kiapo silijui. Ila la mji nalijua: kaeni Mwanza. Hali ya hewa ni ileile ya Kisumu, jioni upepo wa ziwa unaingia ndani, mnalala bila feni. Dek ipo sokoni, ulizia mgagani. Osuga ipo, ulizia mnavu. Omena ndiyo dagaa, nenda Kirumba Mwaloni uchague mwenyewe, ushike kiganjani uone kama ana mchanga.

Jiandae tu na kodi. Huku si kama kwetu, kulipa mwezi kwa mwezi na depositi. Mwenye nyumba atataka miezi sita, wengine mwaka mzima, taslimu, kabla hujashika ufunguo, na dalali anachukua mwezi wake mmoja juu. Sisi tulikuja na pesa ya mwezi mmoja, tukahifadhiwa na watu wa kanisani Nyakato. Halafu usikubali nyumba ya mlimani kwa sababu ya bei. Bugarika na Isamilo ziwa utaliona lote kutoka mlangoni, lakini ukae ukijua maji hayapandi kila siku, na mke wako ndiye atakayepita kwenye yale mawe na ndoo.

Kutoka: Dereva wa Igoma

Kijana, rudi kwenye hiyo kaunta ukawasomee sheria. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 160: mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, wanachukuliwa kuwa mke na mume. Hawana haki ya kukurudisha.

Mji ni Mwanza. Tangu daraja la JP Magufuli lifunguliwe Juni 2025 mji huu umefunguka, kwenu ni karibu kuliko zamani.

Kutoka: Mwalimu wa Nyegezi

Ndugu Dereva, tafadhali tusimpotoshe kijana. Kifungu cha 160 ni dhana, na dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Inasemewa mahakamani, mara nyingi watu wakiwa wanagombania mali au matunzo. Karani wa dirishani hana mamlaka ya kuitumia. Akienda kumsomea, atarudishwa tena na safari hii atakumbukwa sura.

Na daraja hilo la kilomita tatu linavuka Kigongo kwenda Busisi, upande wa Sengerema na Geita. Kisumu unakwenda kwa Magu, Lamadi, Bunda, Tarime, Sirari. Halikupunguzi hata hatua moja. Wewe ni dereva, unalijua hilo kuliko mimi.

Kijana, Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 inataka hata ndoa ya kimila isajiliwe. Kamilisheni usajili kwenu mpate cheti chenyewe, hapo hakuna karani wa kukuuliza habari ya muhuri. Kuhusu kama kiapo kimewahi kupita, sina la kukwambia. Mimi nilioa hapahapa.

Na jambo kubwa kuliko hayo: pasi ya mtegemezi haimpi mke wako ruhusa ya kufanya kazi. Atakaa, basi. Akitaka kuajiriwa, mwajiri wake aombe kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi, ndipo aende kwenye kibali cha ukaazi, kama ilivyo kwako. Ulipotaja msusi nilishtuka.

Kutoka: Dereva wa Igoma

Sikusema daraja linakwenda Kisumu. Nilisema mji umefunguka. Foleni ya kivuko pale Kigongo nimelala mimi na tandiboi wangu, Mwalimu hajawahi kulala pale.

Kutoka: Dada wa Tabata

Nimeishi Mwanza kabla ya kuhamia Dar, kwa hiyo nasema kwa pande zote mbili. Mimi pia ni msusi, na nashangaa mnazungumza mboga wakati huyu kijana anataka kumwondoa mke kwenye biashara yake.

Mgeni, sikiliza vizuri. Mwishoni mwa Julai 2025 Waziri wa Viwanda na Biashara alitoa amri inayozuia asiye raia kufanya biashara za aina 15. Saluni imo, isipokuwa iwe ndani ya hoteli au kwa ajili ya utalii. Rejareja ndogo imo. Wakala wa pesa za simu imo. Ufundi simu imo. Viwanda vidogo vimo. Faini haipungui milioni 10, jela hadi miezi sita, na kibali kinafutwa. Amri hiyo haiulizi kama wewe ni wa Afrika Mashariki au wa China, na haiulizi kama uko Kariakoo ya Dar au Makoroboi ya Mwanza.

Baada ya hapo mimi nilifunga. Vioo viwili, viti vitatu na kikaushio nikamuuzia binti niliyekuwa nimemfundisha mwenyewe, Mtanzania, kwa bei aliyoitaka yeye. Sasa nimeajiriwa kwenye saluni ya hoteli, kwa kibali changu mwenyewe, na mwajiri alisumbuka sana kukipata, maana lazima aoneshe kwa nini si Mtanzania, na ni Mtanzania gani atafundishwa kuirithi kazi hiyo.

Kwa hiyo ukiniuliza mji, naanzia hapo. Hoteli zenye saluni kubwa nyingi ziko Dar, huo ndio ukweli. Mengine ya Dar mtayazoea: joto la Januari, kutoka nyumbani gizani, foleni. Mwendokasi inasaidia kama unakaa kwenye njia yake, na nyumba za karibu na njia hiyo wenye nyumba wanajua thamani yake. Sato anatufikia akiwa kwenye barafu, macho meupe.

Kutoka: Mama wa Pasiansi

Binti yangu wa Tabata, pole, sikujua kama ulifunga. Moyo umeniuma. Sisi tunaingia huku, wao wanakuja kwetu, Watanzania wangapi wanauza vitunguu na machungwa Kenya? Nairobi walilalamika kwamba amri inapingana na Itifaki ya Soko la Pamoja ya 2010. Mbona mkataba upo na bado mtoto wa watu anauza vioo vyake?

Mgeni, kwani mke wako hawezi kufungua kwa jina la rafiki Mtanzania? Wapo wanaofanya.

Kutoka: Mwalimu wa Nyegezi

Mama, nakuheshimu, lakini ushauri huo usiuache humu. Amri hiyohiyo inamwadhibu Mtanzania atakayemsaidia mgeni: faini milioni 5 au jela miezi mitatu. Ataanza maisha ya ugenini kwa kumtia mwenyeji wake matatani.

Na mkataba wa 2010 haujafuta sheria za nchi kama watu wanavyodhani. Kuingia bila viza, sawa. Kukaa kama mgeni hadi miezi sita, sawa, ila muhuri wa mpakani usomwe siku zilizoandikwa kabla hujaondoka dirishani. Kufanya kazi kuna kibali. Ardhi wameiacha kwa sheria za kila nchi, na hapa Sheria ya Ardhi ya 1999 haimpi asiye raia kiwanja isipokuwa kwa uwekezaji ulioidhinishwa. Pia daraja B ina ukomo, kwa kawaida jumla ya miaka mitano. Anayepanga maisha apange kwa kipimo hicho.

Kutoka: Mzee wa Kirumba

Wanangu, nawasoma nyote. Baba yangu alikuwa baharia wa meli za Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba, Port Bell, halafu nyumbani tena. Mshahara wake aliweza kuupokea bandari yoyote kati ya hizo, na hakuna aliyemuuliza ni wa wapi. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, mpaka ukafungwa hadi 1983. Mama alikuwa Kisumu, sisi tulikuwa Mwanza na baba. Bibi alifariki katika miaka hiyo na hatukumzika.

Ndiyo maana mimi mtu akiniuliza mji, humuuliza kwanza: kukitokea msiba, utafika? Ukiwa Mwanza unapanda basi alfajiri, jioni uko kwenu. Ukiwa Dar uzunguke Arusha na Namanga hadi Nairobi, au ukate nauli ya ndege. Reli ya kisasa imefika Dodoma, huku kipande cha Mwanza hadi Isaka bado kinajengwa. Vijana wa leo husema kuna simu. Simu haikushushi kaburini kutupa udongo.

Kutoka: Mgeni wa Buzuruga

Asanteni sana wakubwa zangu. Nimemsomea mke wangu ujumbe wa Dada wa Tabata, akanyamaza, kisha akaniuliza kama kuna njia ya yeye kutokufunga Kondele kabisa.

Tumefikiri hivi: mimi nichague Mwanza. Saluni ibaki mikononi mwa mdogo wake, yeye awe anakaa huku na kwenda kuisimamia. Kutoka Dar hilo haliwezekani, nauli itakula faida yote. Dada, sijapuuza la hoteli, ila yeye ana wateja aliowaanza wakiwa wanafunzi na sasa wanamletea watoto wao. Hataki kwenda kusuka chini ya mtu.

Bado nauliza la kiapo. Hatujapata nafasi ya kusajili ndoa na mwisho wa mwezi unakaribia. Kuna yeyote ambaye kiapo chake kilipita?

Kutoka: Dada wa Tabata

Hilo nalikubali, na namheshimu mkeo. Ila asije akabeba mkoba wa nywele na kusukia jirani hapo Buzuruga "kidogo tu". Jirani mmoja akikasirika inatosha. Na hesabu za Kondele aziweke kwenye daftari kila jioni kwa simu na mdogo wake, si mwisho wa mwezi. Nimeona undugu ukivunjika kwa sababu ya pesa ya mafuta ya nywele.

Kutoka: Dereva wa Igoma

Kwenye safari hizo asisahau kadi ya homa ya manjano. Sirari wanaiuliza.

Kutoka: Mwalimu wa Nyegezi

Si kila mara wanaiuliza.

Kutoka: Dereva wa Igoma

Mimi nimeulizwa. Mwalimu anapita pale wakati wa likizo, mimi ndiyo kazi yangu. Abebe kadi.

Kutoka: Mama wa Pasiansi

Abebe kadi, basi yaishe. Mgeni, mlete mkeo Jumapili baada ya ibada, nimtambulishe kwa akina mama. Chama chetu kina mchango wa msiba kila mwezi, na mtu aingizwe kwenye daftari mapema, kabla hajahitaji. Nyumba pia nimemuulizia mwenzangu wa Nyakato, chini kabisa, tambarare, maji yapo. Anataka miezi sita, lakini ukija na miezi minne mkononi nitakaa naye mimi mwenyewe.

Kutoka: Mzee wa Kirumba

Kuna anayesafiri kwenda Migori wiki hii? Nina dawa za presha za dada yangu, kifuko kidogo. Anayekwenda anipitie hapa Mwaloni kabla ya saa nne, baada ya hapo nakuwa mizanini.